Mwenza anaenda kusoma uchungaji, nyumba inabaki Dar: mwongozo kamili wa kuishi miaka hiyo

Ukitamka seminari hapa Dar watu wengi akili inakimbilia Segerea kwa mafrateri, alafu wanakushangaa, we umeolewa mumeo anaendaje seminari? Kwahiyo tuelewane mapema, haya ni kwa sisi wa makanisa ambayo mchungaji anaoa, Walutheri, Waanglikana, Wamoravian, Wapentekoste na wengineo, ambao mmoja anaenda chuo cha theolojia na mwingine anabaki Tabata, Mbagala, Kimara au popote anaponunulia LUKU. Mimi nimeishi upande wa anayebaki, na nimekaa na kinamama wengi (na kinababa wachache) waliopita humo humo. Ntaenda kwa mpangilio, kuanzia siku mtu anasema "nimesikia wito" mpaka siku anapangiwa kituo. Ni ndefu, chai iwe karibu.

Msimamo wangu nausema kabisa ili usije ukashangaa mbele: wito ulimjia yeye sawa, ila ada, nauli, watoto na maneno ya watu vinawajia wote wawili, kwahiyo kila kitu cha chuo kiamuliwe na wawili, kwa tarehe na kwa hela, sio kwa maombi peke yake. Ombeni, ila na kauntabuku iwepo mezani.

Hatua ya 1: Kikao kabla ya fomu

Sio baada ya fomu, kabla. Kuna wanaume wanamwambia mke barua ya udahili ikishatoka, eti alitaka amsapraizi. Hiyo sio sapraizi hiyo. Hata Wakatoliki ambao mapadre wao hawaoi, wakitaka kumfanya mwanaume aliyeoa awe shemasi wa kudumu, sheria yao ya Kanisa ya mwaka 1983 inataka awe ametimiza miaka 35 na mkewe awe ameridhia. Sasa kama wao wanamuuliza mke, sisi tunaolala nao tusiulizwe?

Kwenye hicho kikao mjibu maswali haya bila kuzungukana. Chuo gani, ngazi gani, miaka mingapi. Cheti, stashahada na shahada haviendi sawa, mtu anasema "naenda kusoma kidogo" kumbe ni miaka minne au zaidi. Chuo kinatambulika? Shahada angalia kwa TCU, cheti na stashahada angalia kwa NACTVET, maana vyuo vya biblia viko vingi sana mjini na vingine havijasajiliwa kokote, sio kwamba ni vibaya kiroho, ila kesho akitaka kuendelea kusoma au kuomba kazi ya kufundisha dini shuleni cheti kinaweza kisifike popote. Alafu mama yake mzazi aliye kwenu anauguzwa na nani. Na mtoto mwingine mnamtaka lini, hili watu wanaliona aibu kulijadili kwenye kikao lakini mimba ya muhula wa kwanza ina maana unajifungua yeye akiwa kwenye mitihani, kwahiyo kama hamtaki nendeni kituo cha afya cha serikali, uzazi wa mpango wanatoa bure, na kama mnataka basi mpange nani ataenda na wewe wodini.

Swali kubwa kuliko yote: nani analipa nini. "Kanisa litanisomesha" sio jibu. Ombeni barua ya udhamini muisome wote wawili. Inalipa ada tu au na chakula, vitabu, nauli? Familia inapata posho yoyote? Akipata sapu (mtihani wa kurudia) nani analipia? Akimaliza anatakiwa alitumikie kanisa au dayosisi miaka mingapi, na akiondoka kabla anarudisha hela? Hiyo ya mwisho wengi hawaisomi kabisa. Kama usharika umeahidi kwa mdomo siku ya ibada, watu wakapiga makofi, mwende kwa mhasibu au katibu ipate kuandikwa kwenye kikao. Wazee wa kanisa wanabadilika, uchaguzi unapita, na mzee mpya hana habari na makofi ya mwaka juzi.

Hatua ya 2: Kuacha kazi kwa utaratibu

Kama ana ajira, kwanza aulize likizo ya masomo au likizo bila malipo kabla ya kuandika barua ya kuacha. Wengine wanakubaliwa, wengine hapana, kuuliza hakuna ada. Akikataliwa basi atoe notisi vizuri, kwa anayelipwa kwa mwezi sheria ya kazi inasema siku zisizopungua 28, asije akaondoka kwa jazba ya kiroho akadaiwa mshahara wa mwezi.

NSSF hapa watu wengi wanajidanganya. Wanapiga hesabu "ntachukua mafao yangu tulipie ada". Fao la kukosa ajira ni kwa aliyeachishwa au mkataba umeisha, aliyejiuzulu mwenyewe kwa hiari hahusiki nalo. Kwahiyo hiyo hela ifuteni kwenye bajeti, michango yake ipo itamsubiri uzeeni.

Bima ya afya nayo inakatika ajira ikikatika. Kama wewe mwenza una ajira yenye NHIF, kadi inabeba mchangiaji, mwenza wake na wategemezi hadi wanne, kwahiyo mapema kabla ya tarehe ya mwisho ya kazi yake peleka cheti cha ndoa na vya kuzaliwa vya watoto ahamie kwako. Msingoje mtoto apate homa ndo mkumbuke.

Na likija wazo la kuuza nyumba ili asome, pumueni kwanza. Sheria ya Ndoa ya 1971 kifungu cha 59 inamzuia mmoja kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, hata kama hati ina jina lake pekee. Nasema hivi kwa sababu kuna kinamama wanasaini huku wanalia, wakiambiwa wakikataa watakuwa wamezuia kazi ya Mungu. Kukataa kuuza nyumba ni kukataa kuuza nyumba.

Hatua ya 3: Mnaishi wapi

Njia ziko tatu. Ya kwanza anaenda bweni, familia inabaki Dar. Ya pili mnahama wote, baadhi ya vyuo vina nyumba za familia ila ni chache na zinagombaniwa, ulizeni siku ya kuomba udahili sio siku ya kuripoti. Ya tatu anasoma hapa hapa Dar jioni au kwa masafa huku anafanya kazi.

Ya tatu inaonekana rahisi ila kiukweli ndo inachosha nyumba kuliko zote, maana mtu yupo na hayupo. Anatoka kazini saa kumi na moja, foleni, kipindi, anafika saa nne usiku, Jumamosi ana asainimenti, Jumapili anahubiri. Mkichagua hii wekeni usiku mmoja wa wiki ambao haujadiliwi, vitabu vinafungwa, na hakuna kikao cha kanisa usiku huo hata mwinjilisti akija mlangoni.

Ya pili ina raha yake, watoto wanakua na baba, na baadhi ya vyuo wana mafunzo kwa wenza, ushonaji, malezi, biblia. Lakini we mwenye genge Dar unaenda kuanza moja mahali ambapo wateja ni wanafunzi wasio na hela. Kama wewe ndo mwenye mshahara, usiuache. Nyumba moja isiwe na watu wawili waliokosa kipato kwa mwaka mmoja, huo ndo mstari wangu na siusogezi.

Wengi tunaangukia ya kwanza, kwahiyo hatua zinazofuata zinaiongelea hiyo zaidi.

Hatua ya 4: Hela

Kitu cha kwanza, tengenezeni kalenda ya bili kabla ya bajeti. Chuo kikuu kinafungua Oktoba au Novemba, hapo ada ya chuo. Shule za watoto zinafungua Januari, hapo ada, yunifomu na madaftari. Sasa mwenye nyumba wako kama anataka kodi ya miezi sita, na mkataba unaisha Desemba, umekwisha, vitu vitatu vizito ndani ya miezi mitatu. Cha kufanya ni kuongea na mwenye nyumba mwaka mmoja kabla, lipa miezi mitatu mara moja tu ili tarehe zenu zisogee ziangukie Machi na Septemba. Wenye nyumba wengi wanakubali ukiwa mlipaji mzuri. Hili peke yake linapunguza nusu ya makelele ya ndani ya nyumba, sikutanii.

Alafu bajeti yenyewe. Andika upande mmoja nyumba ya Dar: kodi, LUKU, maji, chakula, shule, nauli za daladala, bando, sadaka, akiba ya ugonjwa. Upande wa pili mwanafunzi: chakula kama hakimo kwenye udhamini, kutoa kopi (theolojia ni makaratasi mengi jamani), sabuni, bando, nauli ya kurudi. Kila upande uwe na kiasi chake cha mwezi na usichungulie wa mwenzako. Mwanafunzi akiishiwa tarehe 20 asipige simu nyumbani kila mara, na wewe ukiishiwa usimfiche mpaka umeme ukatike. Kubalianeni siku moja ya mwezi ya kufungua daftari pamoja kwa simu, kwetu ilikuwa Jumapili ya kwanza baada ya ibada, daftari lilining'inia kwenye msumari karibu na mlango wa jikoni na peni imefungwa kwa uzi, ili mtu asiseme sikupata peni.

Kipato cha ziada: usianze biashara mwezi ule ule anaoondoka. Anza miezi sita kabla akiwa bado na mshahara, ili mtaji ukifa ufe mapema. Vitumbua na maandazi asubuhi vinalipa ila vinakuamsha saa tisa usiku, na wewe ndo mzazi pekee ndani, fikiria hilo. Dagaa, mkaa, juisi ya ukwaju, kushona, barafu, mayai ya jumla, angalia kitu kinachoweza kusimama siku mbili bila kuoza mtoto akiumwa. Na kwa kuwa mbele huko mnaweza kuhamishwa, pendelea biashara unayoweza kuibeba, cherehani inahama, fremu ya duka haihami.

Mchezo wa kupeana hela kwa zamu ni mzuri kama kijumbe anayekusanya unamfahamu, na omba zamu yako iwe Oktoba kabla namba hazijagawanywa. Vikoba pia. Ila mikopo ya kausha damu, ile ya mtaani yenye riba kubwa, usiguse, hata kama ni ya laki moja, hata kama ni ya wiki moja, hata kama dada wa kwaya kakudhamini. Wale wanakuja na turubai wanakaa mlangoni kwako wanaimba, na mumeo ni mtarajiwa wa uchungaji, mtaa mzima unaangalia.

Hatua ya 5: Njia, nauli na vifurushi

Jueni jiografia ya chuo, inaokoa hela. Makumira ya Walutheri iko kabla ya kufika Arusha mjini, upande wa Usa River, kwahiyo ukitoka Dar mwambie konda akushushe huko, usiende mpaka stendi ya mjini alafu ulipe tena kurudi nyuma. Kongwa ya Waanglikana nayo, njia yake inachepuka kabla ya Dodoma mjini. Msalato, nayo ya Waanglikana, ni Dodoma penyewe, hapo SGR imetukomboa, tangu 2024 ni mwendo wa masaa manne hivi, nauli ya treni ya kawaida walianza nayo 31,000. Mbeya kwa Wamoravian wa chuo kikuu cha TEKU ni mbali, zaidi ya kilomita 800, hapo usiahidi watoto kwamba baba atakuja kila mwezi.

Mabasi ni Stendi ya Magufuli pale Mbezi, na tangu 2023 ya usiku yameruhusiwa tena, kwahiyo anaweza kutoka Ijumaa jioni akafika Jumamosi asubuhi bila kupoteza kipindi. Desemba sasa sikilizeni. Desemba Dar nzima inapanda Moshi na Arusha, tiketi hazishikiki, Januari wote wanashuka. Mwanafunzi wa Makumira anasafiri kinyume na huo umati, anashuka Dar watu wakipanda, anapanda watu wakishuka, siti zipo. Kwahiyo Krismasi aje yeye, usipande wewe na watoto watatu mkagombania siti na Wachaga wanaoenda kuchinja. Wewe panda Juni likizo ya shule, ila beba masweta, kule chini ya Meru Juni na Julai ni baridi ya kweli, watoto wa Dar wanalia.

Vifurushi tuma kwa basi. Andika jina na namba ya simu kwa maka peni pande mbili za boksi, piga picha risiti umtumie, chukua na namba ya konda. Dagaa wa kukaanga, karanga, unga wa lishe vinafika vizuri. Embe usitume, utatuma embe itafika juisi.

Hatua ya 6: Simu

Ratiba ya chuo inabana, ibada asubuhi, vipindi, maktaba, ibada tena jioni. Msipange "tutaongea tukipata nafasi", haipatikani. Wekeni muda mfupi wa kila siku kwa ajili ya watoto, dakika kumi tu, na muda mrefu mara mbili kwa wiki wa wawili wenu watoto wakilala. Ule wa wawili usiwe wa bili. Bili zina Jumapili yake.

Voisi noti zinasaidia sana, hasa kwa watoto wadogo wasiojua kusoma meseji. Mwaka wa kwanza wanaanza Kigiriki, na kuna kitenzi chao kimoja kila mwanafunzi lazima akariri, luo, lueis, luei, luomen, luete, luousin. Baba wa kwetu alikuwa akituma voisi noti anajikariri, mtoto wa darasa la pili akayashika, basi akiosha vyombo anaimba kwa sauti luo lueis luei anagonga sufuria, jirani akaniuliza kwa upole kama mtoto ameanza kunena kwa lugha. Mtoto alikuwa anajua baba yuko wapi na anafanya nini, hiyo ndo faida yake, baba hajapotea, baba yuko kwenye luomen.

Usimpigie siku moja kabla ya UE (mtihani wa mwisho wa muhula) kumwambia bomba limepasuka. Fundi yupo. Ratiba ya mitihani ipige picha ibandike ukutani, ujue wiki za kukaa kimya. Sapu moja inaweza kula hela ya mwezi mzima, na disko, yaani kuondolewa chuo kwa kufeli, inakula miaka.

Hatua ya 7: Umeitwa "mama mchungaji" na mshahara bado

Hii ndo hatua ambayo hamna mtu anakwambia na ndo inayomaliza watu, kwahiyo hapa nakaa.

Siku usharika ukitangaza kwamba fulani anaenda chuo, wewe unabatizwa jina jipya palepale. Mama mchungaji. Mwanzo unajisikia vizuri, usidanganye. Alafu yanaanza. Jumuiya inaamua ikutane kwako kwa sababu ni nyumba ya mtumishi, chai na vitafunwa juu yako. Mgonjwa wa mtaa wa pili lazima uende, na huendi mikono mitupu. Kamati ya harusi inakuandikia ahadi kubwa kuliko uliyokuwa unatoa mumeo akiwa kazini. Dada wa kwaya anakuja kukopa kwa sababu "nyie mna Mungu". Shangazi wa kijijini anamleta binti akae kwenu asome, maana kwa mchungaji hatoharibika. Na ukivaa gauni la mikono mifupi unaambiwa kwa tabasamu.

Mapato yamepungua nusu, matumizi ya heshima yamepanda mara mbili. Ukikaa kimya utaenda mwenyewe kwa kausha damu.

Fanya hivi. Nenda kwa mchungaji wenu wa sasa, na mke wake awepo, mweleze hali kwa namba: kipato chetu kimeshuka, nyumba yangu inaweza kupokea jumuiya mara moja kwa muhula, sio kila mwezi. Yeye ndo aseme kwenye kikao, sio wewe. Mchungaji mwenye busara atakuelewa, maana mkewe alipita hapo hapo. Kwenye michango chagua kiwango kimoja cha mwaka mzima, misiba na harusi vyote humo, kikiisha unasema "nimefikia kiwango changu mwaka huu, ntakuja kuosha vyombo". Na kweli nenda ukaoshe, mtu anayeosha vyombo msibani hasemwi.

Wageni wa kulala: jibu moja kwa wote, la kwako na la mumeo lifanane neno kwa neno, "mpaka baba atakapomaliza chuo hatupokei mtu wa kukaa". Shangazi akipiga kwako akakataliwa atapiga chuoni, na mumeo akiwa na huruma ya mbali anakubali kitu ambacho wewe ndo utakipikia. Ndo maana nasema neno kwa neno.

Alafu kuna la mwanamke aliyeachwa peke yake, mtaa una macho. Sio haki ila lipo. Wazee wa kanisa wakija kukuona waje wawili au na mama mmoja, usiku uongee nao barazani taa ikiwaka. Fundi, dereva wa bajaji, mkusanya taka, ishi nao kawaida tu, usijifungie ndani kama mjane. Ukisikia neno, mwambie mumeo wewe mwenyewe siku hiyo hiyo kabla hajapigiwa na "mpendwa anayekuombeeni".

Na uwe na kitu chako ambacho hakihusiani na uchungaji wake. Kozi ya VETA, vikoba vyako, timu ya netiboli, chochote. Mama fulani mmoja rafiki yangu alisema yeye kila Jumatano jioni anaenda kunywa chai na kula mihogo ufukweni Koko na dada yake, na hapo hamna mtu anayemuita mama mchungaji, anaitwa jina lake la shuleni.

Hatua ya 8: Anarudi na maswali

Mwaka wa pili hivi mtu aliyeondoka akijua kila kitu anarudi hajui. Wanasoma kwamba vitabu vitano vya Musa vimetoka kwenye vyanzo tofauti, wanaviita J, E, D na P, hoja iliyosukumwa sana na Mjerumani Wellhausen karne ya 19. Anaisema mezani, mama mkwe anaweka kijiko chini.

Usiogope na usimripoti kwa mchungaji. Wengi wanapita hapo na wanatoka. Ila mpe sheria mbili. Moja, maswali ya darasani yanaongelewa na wewe kwanza, sio kwa wazazi wala kwenye jumuiya. Mbili, akueleze kwa Kiswahili cha kawaida kwa dakika kumi, na akishindwa ina maana bado hajalielewa, arudi maktaba. Hii inamsaidia sana maana ndo kazi atakayokuja kuifanya mimbarani. Na wewe soma. Omba akuachie kitabu kimoja kila likizo, cha Kiswahili kama kipo. Kama anasoma miaka minne na wewe husomi hata kurasa moja, mwisho wake atakuwa anaongea na wenzake tu.

Mahubiri yake ya mazoezi sikiliza, mpimie muda, dakika kumi na tano, zikizidi washa redio.

Hatua ya 9: Likizo

Likizo ndefu sio yenu yote. Kanisa linamtaka mazoezi ya vitendo, mara nyingi usharika mwingine kabisa, na akiwa Dar kila mtu anataka ahubiri. Muombe mchungaji tarehe zake mapema, alafu wiki ya kwanza izuieni, hakuna mimbari.

Siku mbili tatu za mwanzo huwa za ajabu. Umezoea kuamua kila kitu mwenyewe, remoti ina kwake, watoto wana ratiba, yeye anaingia anaanza kupanga upya na kukemea. Asikemee watoto wiki ya kwanza, aulize tu utaratibu ulivyo. Na wewe usimkabidhi orodha ya vilivyoharibika mlangoni kabla hajavua viatu. Tendo la ndoa nalo, mwili unahitaji muda kuzoeana tena, hasa kwa mwanamke aliyechoka na maandazi ya saa tisa, semeni kwa maneno, msinuniane gizani. Watoto mpeleke kwa bibi yao Jumamosi moja. Basi.

Kwa kinababa mnaobaki

Wapo, na wanaongezeka, maana makanisa kama KKKT yanabariki wanawake. Yote ya juu yanakuhusu ila badilisha hatua ya 7: wewe hawatakuita baba mchungaji, watakuuliza kwanini umemruhusu, na shemeji zako watakuja kukagua kama watoto wamekula. Jifunze kupika vitu vitano na kusuka nywele za binti yako au umjue msusi wa karibu. Usimsumbue mkeo chuoni kila wiki kwa simu za "sukari iko wapi".

Hatua ya 10: Kumaliza, uvikari na kituo

Kumaliza chuo sio mwanzo wa mshahara. Walutheri kuna kipindi cha uvikari kwanza, yaani mazoezi ya kazi kabla ya kubarikiwa, Waanglikana wanaanza na ushemasi ndo ukasisi, na posho ya kipindi hicho ni ndogo. Kwahiyo ile bajeti ya mwanafunzi iongezeeni mwaka mzima mbele.

Siku ya kubarikiwa watu watataka sherehe. Kamati, sare, keki, MC. Mwambieni kamati mapema: kilichochangwa ndo kitakachotumika, hakuna kukopa, na joho liingie kwenye bajeti ya kwanza kabla ya keki.

Alafu kituo. Mkiwa Dayosisi ya Mashariki na Pwani ya KKKT msidhani ni Dar tu, inafika mpaka Zanzibar. Kabla hujahamisha hata sufuria nendeni wote wawili mkaione nyumba ya usharika, mguse paa, choo, maji yanatoka siku gani, mita ya LUKU ina deni la nani, shule iko umbali gani, na mvua ikinyesha njia inapitika. Mliyoyakuta yaandikeni mkabidhiane na mzee wa kanisa kwa sahihi. Genge la Tabata usiliuze, mkabidhi mdogo wako kwa maandishi, mgawane faida, na uamuzi wa kuuza usubiri mpaka umelala kwenye hiyo nyumba mpya miezi mitatu na masika moja.